Ng'ombe wa Fedha

Baba yangu alifika Garsen mwaka ule wa ukame akiwa na ng'ombe mmoja tu, na ng'ombe huyo akafa kabla hajavuka barabara ya lami. Nilikuwepo. Ndugu yangu alikuwa amenipigia simu kutoka Bangale akasema, "Abba anakuja kwako kwa miguu na ng'ombe waliobaki," nikatoka na ndoo ya maji kumlaki. Abba ndivyo sisi Waorma tunavyomwita baba. Hao waliobaki walikuwa wamepungua njiani mmoja mmoja. Nilipomwona akitokea kwenye vichaka vya miiba vya mathenge, nyuma yake palikuwa na jike mmoja mweupe, mbavu nje, anamfuata kwa mazoea tu.

Yule ng'ombe alipiga magoti kama wapigavyo wanapotaka kulala, akaweka kidevu chini. Nikamsogezea ndoo mpaka puani. Hakunywa. Abba aliketi kando yake, akamshika sikio, wala hakunisalimu. Pumzi ilipokoma akainua ile ndoo akanywa yeye.

Siwezi kusema alikuwa na ng'ombe wangapi kabla ya hapo. Kwetu mifugo haihesabiwi kwa sauti. Ninachojua ni kwamba nilipokuwa mtoto, wakirudi kutoka malishoni, vumbi lao lilifika kambini kabla yao, na mama alikuwa akifunika vibuyu vya maziwa mapema.

Niliishi peke yangu wakati huo, katika nyumba ya mabati ya vyumba viwili karibu na soko la mifugo. Ndoa yangu ilikuwa imevunjika na sikuwa na mtoto. Nilimpa Abba chumba cha mbele. Kila asubuhi aliketi kwenye mkeka, mgongo ukutani, uso kwenye mlango. Nilimpa chai ya maziwa ya pakiti, alionja, akaweka kikombe chini, akauliza kwa upole, "Haya yametoka kwa mnyama gani?" Hilo ndilo lililokuwa neno lake la siku nzima. Majirani walidhani amekuwa bubu. Akienda msikitini alirudi bila habari ya mtu yeyote.

Mimi nilifanya kazi kwenye kompyuta. Nilikuwa nimesomea kompyuta Hola, na baada ya vibarua vya kila namna nilipata kazi ya mbali, ya mtandaoni, na ndiyo kazi ninayotaka kuieleza hapa, maana watu wa nyumbani hawakuielewa kamwe. Mama mmoja mtaalamu, ng'ambo, alikuwa akikusanya picha za sarafu za fedha za Wagiriki wa kale. Nikisema fedha nasema madini yenyewe, yale yale ya bangili za bibi zetu. Sarafu hizo zilitoka katika mji mmoja wa Kigiriki uliokuwa ufukweni, mahali ambapo leo ni Albania, na zilitengenezwa kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Zilikuwa zimetawanyika dunia nzima, hii katika jumba la makumbusho, ile katika kabati la tajiri fulani. Yeye alizitafuta kwa picha tu.

Kazi yangu ilikuwa kulinganisha. Zamani zile fundi alichonga picha kwa mkono kwenye kipande cha chuma kigumu, ndiyo chapa, akakikaza juu ya fuawe. Akaweka juu yake kidonge cha fedha, akaweka chapa ya pili juu, akagonga nyundo. Picha ikaingia kwenye fedha pande zote mbili. Kwa kuwa kila chapa ilichongwa kwa mkono, hakuna mbili zilizofanana kabisa, na kila chapa ilichakaa, ikapasuka, ikatupwa, ikachongwa nyingine. Mtu akiweza kusema sarafu hii na ile zilitoka kwenye chapa moja, na ipi ilitangulia, anaweza kupanga historia ya mji mzima ambao haukuacha maandishi mengi. Mimi nilitumiwa picha, nikatazama mbili mbili, nikaandika: chapa moja, si chapa moja, sina hakika. Mara nyingi niliandika sina hakika.

Na picha yenyewe iliyokuwa kwenye sarafu hizo ilikuwa ng'ombe. Ng'ombe jike amesimama, ndama anamnyonya, na mama amegeuza shingo kumtazama mwanawe. Upande wa pili palikuwa na mraba wenye urembo kama nyota, na herufi tatu za Kigiriki.

Kwa wiki kadhaa nilimficha Abba skrini ile. Niliigeuza upande wa ukuta. Niliona ni ukatili kumkalisha mtu aliyezika zizi lake mbele ya ng'ombe wanaonyonyesha. Lakini chumba cha nyuma kilikuwa na joto la tanuri, na siku moja nilihamia chumba cha mbele, nikasahau. Nilikuwa nimekwama kwenye sarafu mbili tangu alfajiri. Nikasikia sauti nyuma ya bega langu.

"Huyu na huyu ni chuma kimoja."

Niligeuka. Alikuwa amesimama, mikono nyuma.

"Hapana, Abba. Tazama, huyu ana mstari ubavuni. Huyu hana."

"Huo si mstari wake. Ni chuma kilipasuka. Huyu asiye na mstari alipigwa chapa mwanzo, chuma kikiwa kizima. Huyu alipigwa baadaye." Akasogea karibu. "Pembe ya kushoto imelegea kwa wote wawili. Mkia wa ndama umekatika pale pale. Kwani huoni?"

Nilikuza picha. Ilikuwa hivyo.

Nilipaswa kujua. Abba alikuwa mtu wa kuitwa kwenye kesi za mifugo. Ng'ombe akipotea, akaonekana miezi baadaye katika zizi la watu wengine kule Nanighi, wakasema ni wao, yeye ndiye aliyeletwa kutazama alama iliyochomwa pajani. Aliweza kusema ilichomwa kwa chuma cha nani, kilipokuwa kipya au kilipokwisha kuliwa na kutu, na kama mtu alipitisha chuma kingine juu yake kuficha. Nilimwona akifanya hivyo nikiwa mtoto, sikuwahi kulifikiria kama elimu. Lilikuwa jambo la wazee tu.

Jioni ile nilimwonyesha sarafu sita. Akaniambia nizisogeze: hii mbele, hii nyuma yake, hii mwisho. Ufa mdogo, ufa mkubwa, ufa uliofika tumboni. Alizipanga kabla chai yake haijapoa. Na chai ile aliimaliza.

Tukawa tunafanya kazi pamoja kila asubuhi, kabla mabati hayajashika moto. Nilimwekea kiti. Alianza kusema tena, na alisema kwa sababu ya ng'ombe wale. Aliwapa majina kwa rangi, ingawa wote walikuwa wa rangi ya fedha: Mweupe wa Mashavu, Kijivu Mkorofi, Mama wa Pembe Moja. Alinifundisha kuona. "Fundi huyu amefuga," alisema. "Tazama alivyokunja mguu wa nyuma ili ndama apate nafasi. Huwezi kulijua hilo kwa kusikia." Kisha akaonyesha nyingine kwa kidole, uso umekunjamana kwa dharau. "Na huyu hajawahi kushika titi. Ameweka kiwele kwenye kitovu. Mtu wa mjini."

Nilicheka. Na yeye akacheka, mara ya kwanza tangu afike.

Aliniuliza watu hao walikuwa nani, wa kuweka ng'ombe kwenye fedha. Nikamwambia ni Wagiriki, watu wa baharini na biashara, mji wao umebaki mawe. Akauliza, "Na ng'ombe wao?"

"Sijui, Abba."

"Kuna mwaka waliwazika," akasema. "Ndiyo maana wakawachora."

Sikumwambia kwamba wataalamu hawana habari ya ukame wowote. Niliandika chapa moja, tukaendelea.

Yule mama mtaalamu akaanza kuona tofauti katika kazi yangu. Majibu ya "sina hakika" yalikuwa yamekwisha. Siku moja Abba aliunganisha sarafu mbili ambazo mama huyo mwenyewe alikuwa ameziandika kuwa ni chapa mbali mbali. Moja ilikuwa imesagika kwa kupita mikononi mwa watu, sura imefutika nusu. Abba alishikilia kwamba ni moja, kwa jinsi ndama alivyoinua goti. Nikamwandikia. Zikapita siku nne, kisha barua pepe ikaja. Alikuwa amekwenda kuitazama sarafu yenyewe kwa darubini. Ni chapa moja, alisema, na kwa sababu hiyo makundi mawili ya sarafu yaliyodhaniwa kutenganishwa na miaka mingi yalikuwa ya wakati mmoja. Mpango wake wote ulikuwa umebadilika. Aliandika kwamba nina jicho la nadra. Alitaka tuzungumze kwa video.

Fomu niliyotia saini ilisema kazi nitafanya mimi na si mtu mwingine. Huo ndio udhuru niliojipa. Ukweli ni kwamba niliisoma ile sentensi ya jicho la nadra mara nyingi, na hakuna mtu aliyewahi kuniandikia sentensi kama hiyo.

Asubuhi ya mazungumzo Abba alioga, akavaa kanzu aliyoiweka kwa ajili ya Idi, na kofia. Aliketi kitandani upande wa pili, mahali ambapo kamera haifiki. Mimi ndiye niliyemwambia akae pale. Nikamwambia ni kwa sababu ya mwanga.

Yule mama alikuwa mtu mkarimu, nywele nyeupe, miwani imening'inia kifuani. Aliniuliza nilijuaje. Nikamjibu kwa Kiingereza kwamba nimekulia katika jamii ya wafugaji, na tangu utoto nimezoea kusoma alama za ng'ombe. Kila neno nililosema lilikuwa la Abba. Niliyatoa mdomoni mwake nikayasema mimi, naye ameketi hatua mbili kutoka kwangu, mikono magotini, anatabasamu akisikia lugha asiyoielewa.

Tulipomaliza akauliza, "Umemwambia nini juu yangu?"

"Nimemwambia kila kitu, Abba. Amekusalimu."

"Amesema nini?"

"Amesema una jicho la nadra."

Akaitikia kwa kichwa, polepole. Alitoka kwenda kuswali adhuhuri akiwa bado na kanzu ile ya Idi. Tangu siku hiyo alikuwa na watu. Baada ya swala waliketi barazani pa msikiti, naye akawaeleza habari za ng'ombe wa fedha wa Wagiriki, na mama wa ng'ambo anayemtegemea yeye, mzee asiye na hata mbuzi, kumwambia yupi ni yupi. Mzee mmoja muuza majani ya chai alinisimamisha njiani kunipongeza. "Baba yako ni mwalimu wa Wazungu," akasema. Nikasema alhamdulillahi.

Kazi ikaisha. Miezi ikapita. Kisha posta wakaniita nichukue kifurushi. Ndani kilikuwamo kitabu kizito, karatasi nene, kurasa kwa kurasa za picha za sarafu. Nilitaka kukificha, lakini Abba alikuwa mlangoni niliporudi, akaona namna nilivyokibeba.

Alikipokea kwa mikono miwili. Alifungua akawasalimu ng'ombe wake mmoja mmoja kwa majina aliyowapa, na alipomwona Mama wa Pembe Moja akagonga karatasi kwa ukucha. Nilipika ugali huku nikimsikia. Nikadhani tumevuka salama.

"Na mimi niko wapi?" akauliza.

"Vipi, Abba?"

"Umesema umemwambia. Watu wakifanya kazi huandikwa. Nionyeshe nilipoandikwa, niende nacho msikitini."

Ukurasa ulikuwepo, mwishoni, wa shukrani. Majina yalikuwa yamepangwa kwa herufi kubwa, kila jina na mstari wake. Langu lilikuwa la tatu. Abba hakujua kusoma. Niliweka kidole kwenye mstari wa chini ya langu, jina refu la mtu wa nchi fulani ya baridi, nikasema, "Hapa."

Alitazama pale. Kisha akaingiza mkono kifuani mwa kanzu, akatoa kitambulisho chake kilichofungwa kwa nailoni. Akakifungua, akakilaza juu ya karatasi, chini ya kidole changu. Aliinama. Nilimjua akiinama hivyo. Macho yalikwenda juu, yakarudi chini, yakaenda juu. Alichukua muda ule ule aliouchukua siku zote, hakuharakisha. Niliondoa kidole.

"Hiki na hiki," akasema, "si chuma kimoja."

Alikifunga kitambulisho kwa nailoni, akakunja mara mbili kama kilivyokuwa. Akafunga kitabu. Ugali ulikuwa umeanza kuungua nikarudi jikoni, na huko nililia mdomo nikiwa nimeuziba kwa leso.

Aliendelea kuishi nami siku chache. Hakunifokea. Alinisalimu asubuhi, alikula nilichopika, alinishukuru. Kazi nyingine ya sarafu ilikuja, nikamwomba atazame jozi moja tu. Akasema macho yanamuuma. Msikitini aliswali akarudi moja kwa moja nyumbani, na kiti nilichomwekea akakitoa nje, akakiegemeza ukutani.

Kisha ndugu yangu akapiga simu. Mvua ilikuwa imeanza kunyesha kule juu, upande wa Bangale, nyasi zimechipua, na watu wa ukoo walikuwa wamemchangia Abba mitamba kadhaa, kama tufanyavyo kwa mtu aliyemalizwa na ukame. Alifunga nguo zake siku hiyo hiyo. Nilimsindikiza mpaka lori la kwenda Hola. Nikamwambia, "Abba, nisamehe. Sikukuandikisha."

Alikuwa amekwisha kuweka mguu kwenye ngazi. Akaushusha.

"Jina si kitu, mwanangu. Ng'ombe wangu wote walikuwa na jina langu, wako wapi?" Aliangalia watu waliokuwa wakipakia magunia, akapunguza sauti. "Lakini uliniacha niseme uongo mlangoni mwa msikiti, na mimi sijui kama ni uongo. Siku zote hizo. Hilo ndilo linaloniuma."

Akapanda. Kutoka juu aliniombea dua, kama mzazi yeyote anavyomwombea mtoto wake akiondoka, na lori likaenda.

Mvua tuliyoiomba miaka miwili haikujua kukoma. Mto Tana ulifurika. Maji yalikata barabara upande wa Hola, mashamba ya Kulesa yakazama mpaka kwenye maembe, watu wakahamia kwenye matuta wakiwa na kuku na masufuria. Nilikuwa miongoni mwa waliolala shuleni. Ndipo ndugu yangu alipopiga simu kusema Abba ana homa. Kesho yake akasema homa imepanda kichwani. Simu ya tatu aliipiga alasiri, na nilijua kabla hajasema, kwa sababu alianza kwa kuniuliza niko na nani.

Walimzika jioni ile ile, kama dini inavyotaka. Kati yangu na kaburi palikuwa na maji mahali pote.

Wakati wa kungoja maji yapungue nilimwandikia yule mama ng'ambo. Nilimweleza yote: chumba cha mbele, chapa za ng'ombe, kitanda ambacho kamera haikukifikia. Nilimwambia kama anataka kufuta jina langu afute. Nilidhani hatajibu. Alijibu baada ya wiki mbili. Hakunilaumu. Alisema kitabu kimekwisha kuchapwa na hakibadiliki, lakini cha pili kinakuja, na ndani yake atamwandika. Akaomba nimtumie jina lake kamili, herufi kwa herufi.

Barabara ilipokauka nilikwenda. Ndugu yangu alinipokea Bangale, tukatembea kwa miguu saa nzima kwenye nyasi zilizofika magotini. Kaburi lilikuwa limezungushiwa matawi ya miiba kuzuia fisi. Tulisoma Fatiha. Kisha nikamsomea ndugu yangu ile barua, nikiitafsiri, maana nilifikiri lazima mtu aisikie pale.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Hicho kitabu," akauliza, "sisi tutakiona wapi?"

"Sijui."

"Na yule mama wa ng'ambo, anajua Abba amefariki?"

"Nimemwambia."

Akaitikia. Mbuzi walikuwa wamesogeza tawi moja la miiba. Akaliinua, akalirudisha mahali pake, akachomwa, akanyonya kidole. Nilichuchumaa. Nilisawazisha udongo kwa kiganja. Ulikuwa bado na unyevu.

"Twende," ndugu yangu akasema. "Zamu yetu kisimani imefika."

Nikainuka tukaenda kunywesha mitamba ya Abba.